Gari Linaweza Kushinda, Mwenye Hisa Akashindwa

Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Temeke, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu. Shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine wote, habari za mchana. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nawashukuru kwa kuniita. Mwenyekiti amenieleza kwamba tangu mvunje vikoba na kila mtu apate chake, swali moja halitoki midomoni mwa vijana: tununue hisa za kampuni ya magari ya umeme? Wako wanaoitaja Tesla ya Marekani, wako wanaoitaja BYD ya China, na wapo waliokwisha kufungua akaunti kwenye simu. Akaniomba nije kuzungumza nanyi kwa sababu nimefanya kazi miaka mingi kwa dalali wa hisa hapa mjini, upande wa kupokea wateja wapya.

Sikuja kuwaambia nunueni, wala kuwaambia acheni. Nimekuja kwa ajili ya jambo moja ambalo nimeona watu wenye akili timamu wakiliruka. Mtu anajiuliza: je, gari la umeme ndilo lijalo? Anajijibu ndiyo, na hapo anaona kazi imekwisha, anatoa fedha. Lakini hilo si swali la mwenye hisa. Swali la mwenye hisa ni nani atabaki na faida gari hilo litakapoenea, na wewe unauziwa faida hiyo kwa bei gani leo.

Kuhusu kuenea kwenyewe, mimi sina ubishi. Treni yetu ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa umeme tangu mwaka 2024. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115. Bajaji na pikipiki za umeme mnaziona wenyewe barabarani. Kwa hiyo tukubaliane kwamba umeme unakuja, kisha tuliweke jambo hilo pembeni, maana halitoshi kumtajirisha mtu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani ilikuwa na kampuni za magari kwa mamia. Gari lilishinda dunia nzima. Waliofika salama kati ya kampuni zile ni wa kuhesabu kwa vidole. Aliyesema mwaka 1905 kwamba gari litamwondoa farasi barabarani alikuwa sahihi kabisa, na bado angeweza kupoteza kila senti kwa kuchagua kampuni isiyo sahihi.

Haya ya magari ya umeme yameanza kwenda njia hiyohiyo, na hatukusubiri karne nzima. Lordstown ilifilisika mwaka 2023. Fisker ikafuata mwaka 2024. Canoo ikafunga mwanzoni mwa 2025. Zote za Marekani, zote zilikuwa kwenye soko la hisa, na zote zilikuwa na picha nzuri za magari. Lakini naomba niwaeleze kwa kirefu ile iliyoitwa Nikola, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu ambacho mwekezaji mpya anapaswa kukiogopa.

Nikola ilisema itatengeneza malori ya umeme na ya haidrojeni. Mwaka 2018 ilitoa video ya lori lake likitembea barabarani, zuri, jeupe, linateleza. Juni 2020 ikaingia sokoni kwa kuunganishwa na kampuni tupu iliyokuwa tayari imeorodheshwa, njia inayokwepa sehemu ya ukaguzi ambao kampuni hupitia inapouza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza. Siku chache baadaye thamani yake sokoni, yaani bei ya hisa zake zote kwa pamoja, ilipita ya Ford. Ford, ndugu zangu, inayotengeneza magari kwa mamilioni. Nikola ilikuwa haijauza hata lori moja.

Septemba mwaka huohuo wachunguzi wa kampuni moja iitwayo Hindenburg Research wakatoa ripoti. Wakasema lori lile kwenye video halikuwa likijiendesha: lilivutwa hadi juu ya mteremko, likaachiwa likashuka lenyewe. Kampuni ilipojibu, ilisema haikuwahi kutamka kwamba lori lilikuwa likitembea kwa nguvu zake. Mwanzilishi wake, Trevor Milton, alitiwa hatiani kwa udanganyifu mwaka 2022, akahukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2023, na mwaka 2025 akasamehewa na Rais wa Marekani. Kampuni yenyewe ilifilisika na kuomba ulinzi wa mahakama Februari 2025. Yeye amesamehewa. Waliokuwa na hisa hawakurudishiwa chao.

Mtaniambia: huyo alikuwa tapeli, sisi tutachagua wa kweli. Sawa. Basi tumtazame wa kweli. Rivian, kampuni nyingine ya Marekani ya magari ya umeme, haikumdanganya mtu kuhusu gari lake. Gari lipo na watu wanalisifu. Iliuza hisa kwa umma Novemba 2021 kwa dola 78 kila moja, na ndani ya siku chache thamani yake ikavuka dola bilioni 100, juu ya Ford tena, wakati magari iliyokuwa imewakabidhi wateja hayakufika hata mia mbili. Miaka miwili mitatu baadaye hisa ile ilikuwa inauzwa chini ya dola 20. Hakuna video ya uongo hapo. Bei tu ilikuwa imetangulia mbele mno kuliko kazi.

Sasa Tesla, maana najua ndiyo iliyowaleta.

Tesla iliuza hisa kwa umma Juni 2010 kwa dola 17. Baadaye ilizigawanya mara mbili: mwaka 2020 kila hisa moja ikawa tano, mwaka 2022 kila moja ikawa tatu. Aliyenunua hisa kumi siku ile kwa dola 170 leo anazo 150 bila kuongeza senti. Kwa bei ya dola 300 kwa hisa, hizo ni dola 45,000. Hesabu hii ndiyo inayozunguka kwenye simu zenu, na ni ya kweli. Kisichozunguka ni kilichotokea katikati. Mwaka wa kwanza kamili wa faida kwa Tesla ulikuwa 2020, miaka kumi baada ya kuingia sokoni. Elon Musk mwenyewe, mkuu wa Tesla, amesema hadharani kwamba walipokuwa wakihangaika na gari lao la Model 3 walibakiwa na kama mwezi mmoja tu kufika kwenye kufilisika. Yule mwenye hisa kumi ilibidi akae na hali hiyo yote bila kuuza, bila gawio, yaani mgao wa faida, hata mara moja, kwa sababu Tesla haijawahi kutoa gawio tangu ianzishwe.

Na hata baada ya kampuni kusimama, bei haikufuata kazi. Angalieni mwaka 2022. Tesla ilikabidhi magari milioni 1.31, ongezeko la asilimia 40 kwa mwaka mmoja. Faida ilikuwa ya juu kuliko mwaka wowote uliotangulia, dola bilioni 12 na ushee. Hisa ikaanguka kwa asilimia 65. Kisha angalieni mwaka 2024. Magari yalipungua kuliko mwaka uliotangulia, mara ya kwanza tangu ianze kuuza kwa wingi, na faida ikashuka. Hisa ikapanda kwa zaidi ya asilimia 60.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Naomba tulielewe hili vizuri kabla hatujaendelea.

Chukueni nyumba ya kupangisha hapa Tandika. Inauzwa shilingi milioni 60, na kodi yake, ukishatoa matengenezo, inakuletea milioni 4 kwa mwaka. Miaka kumi na mitano fedha yako imerudi. Mnaweza kubishana bei, lakini mnaelewa mnachobishania. Sasa aje mtu akuuzie nyumba ileile, vyumba vilevile, wapangaji walewale, kwa milioni 720. Utamuuliza: kwa nini? Akujibu: mtaa huu utakuja kuwa mzuri sana. Labda ni kweli. Lakini kwa bei hiyo unahitaji kodi ya miaka 180 kurudisha fedha yako, kwa hiyo si lazima mtaa uharibike ili upate hasara. Inatosha uwe mzuri kwa kiasi cha kawaida.

Mwisho wa mwaka 2021 Tesla ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola trilioni moja sokoni, na faida yake ya mwaka ilikuwa dola bilioni tano na nusu. Gawanyeni. Mtapata zaidi ya miaka 180. Kwa hiyo mwaka 2022 ulipokuja na habari njema, habari zile zilikuwa zimekwisha kulipiwa, tena kwa ziada. Na 2024 watu walinunua kwa matarajio ya magari yanayojiendesha na roboti, wala si kwa hesabu ya magari yaliyouzwa. Anayewaambia "nunua kwa sababu mauzo yamepanda" hajawaambia chochote mpaka aseme na bei.

Kuna jambo jingine linalopatikana kwa kusoma tu, na nataka mlione kwa karibu. Kila mwaka kampuni iliyo kwenye soko la Marekani inawajibika kuwasilisha ripoti kwa SEC, ambayo ndiyo mamlaka yao ya kusimamia masoko ya hisa. Ripoti hiyo inaitwa 10-K, ni ya bure, na simu yako inaweza kuifungua. Ni ndefu, inachosha, na imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria. Lakini nendeni kwenye ukurasa wa mapato. Kwa Tesla mtakuta mistari: mauzo ya magari, ukodishaji wa magari, betri na umeme, huduma, na mstari mwingine mdogo wa mauzo ya hati za hewa safi. Hizo ni hati ambazo serikali humpa mtengenezaji asiyechafua hewa, naye akawauzia watengenezaji wengine wanaochafua ili wasitozwe faini. Mwaka 2020, ule mwaka wa kwanza wa faida, mstari huo uliingiza dola bilioni 1.58. Faida ya kampuni nzima ilikuwa dola milioni 721.

Ukiweka namba hizo mbili pamoja unaona kwamba kilichoifanya Tesla itoke kwenye hasara mwaka ule si gari, ni sheria. Simaanishi ni haramu. Namaanisha kwamba aliyenunua hisa alinunua pia uamuzi wa wabunge wa nchi nyingine, na wabunge hubadilika. Mwaka 2025 Marekani ilifuta nafuu ya kodi ya dola 7,500 iliyokuwa ikipewa mnunuzi wa gari jipya la umeme. Wewe uliye Mbagala hukuwa na kura pale.

Nije kwa BYD, maana kuna kijana ataniambia kwamba Wachina ni tofauti. Wang Chuanfu aliianzisha Shenzhen mwaka 1995 kutengeneza betri, zikiwemo za simu. Iliingia soko la Hong Kong mwaka 2002, na mwaka uliofuata ikanunua kiwanda cha magari. Mwaka 2008 kampuni ya mwekezaji maarufu wa Marekani, Warren Buffett, iitwayo Berkshire Hathaway, ilinunua hisa milioni 225 kwa takriban dola milioni 230. Bei ikapanda kama mara kumi kwa mwaka mmoja hivi, kisha ikarudi chini na kupoteza sehemu kubwa ya kile ilichopanda. Berkshire haikuuza. Ilikaa miaka kumi na nne ndipo ikaanza kupunguza, Agosti 2022, na kufikia 2025 imetoka yote. Walipata faida kubwa sana. Lakini fedha ile haikuwa ada ya mtoto wa mtu.

BYD ni kampuni imara, inatoa gawio, inatengeneza betri zake yenyewe, na mwaka 2025 iliipita Tesla kwa idadi ya magari ya umeme mtupu yaliyouzwa duniani. Na bado, kule China kuna vita vya bei tangu 2023. Kila mmoja anapunguza, mwenzake anapunguza zaidi. Mnunuzi wa gari anafurahi, na mimi namfurahia, kwa sababu ndiyo njia magari haya yatakavyotufikia hata sisi kwa bei ya kustahimilika. Ila punguzo lile linatoka mfukoni mwa mtu, na huyo mtu ni mwenye hisa. Hapo ndipo ninaposema gari linaweza kushinda na mwenye hisa akashindwa siku hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo.

Wala si lazima twende China kulithibitisha. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa shilingi 850. Wangapi kati yenu mlinunua? Naona mikono. Hakuna asiyeijua M-Pesa, tumelipia hata maji kwa M-Pesa. Na mnajua wenyewe kwamba hisa ile ilikaa miaka chini ya bei mliyonunulia. Huduma kuwa mkononi mwa kila mtu hakukutosha. CRDB nayo iliuza kwa 150 mwaka 2009, ikapanda hadi kupita 400, ikaporomoka mwaka 2019 hadi chini ya 150 ya mwanzo, na baadaye ikapanda kupita kilele kile cha zamani. Waliouza mwaka 2019 waliuza kwa sababu ada za shule hazisubiri. Waliobaki walikuwa na fedha nyingine ya kuishi.

Mzee mmoja hapa mbele aliniuliza kabla sijapanda: kwa nini tusinunue madini yanayotengeneza betri, maana yako kwetu? Ni swali zuri. Ngara, mkoani Kagera, kuna nikeli ya Kabanga. Kampuni iliyo nyuma ya mradi ule, Lifezone Metals, imeorodheshwa kwenye soko la New York tangu Julai 2023, na serikali yetu ina asilimia 16 ya mradi. Lakini sikilizeni. BYD na wengi China wanatumia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina nikeli kabisa. Wakati huohuo Indonesia ilimwaga nikeli sokoni hadi bei ikashuka, na Australia migodi ikasimamishwa. Magari ya umeme yanaongezeka, na mwenye mgodi wa nikeli analia. Grafaiti, ile inayotafutwa Mahenge, ina nafuu kwa sababu karibu kila betri ya lithiamu inaihitaji, hata zile zisizo na nikeli, ingawa nayo bei yake inashikwa na China. Ukitaka kuingia huko, jifunze betri kwanza.

Sasa nataka kusema la simu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mnisamehe.

Kijana mmoja wa Kariakoo alinifuata, akanionyesha simu yake. "Dada, nimenunua Tesla." Nikaangalia. Aliweka shilingi laki tatu, na skrini inaonyesha anamiliki za milioni tatu. Nikamuuliza hizo nyingine zimetoka wapi. Akasema ni programu imemwongezea. Pale juu, kwa maandishi madogo, kulikuwa na herufi tatu: CFD. Ndugu zangu, hiyo si hisa. Ni mkataba kati yako na mwenye programu, mnabishania bei itakwenda wapi. Jina lako haliko kwenye daftari la wanahisa wa Tesla, huna kura, na huna hisa ya kurithisha. Na kwa kuwa amekuza fedha yako mara kumi, bei ikishuka asilimia kumi tu, laki tatu yako yote imekwenda na mkataba unafungwa.

Tarehe 10 Machi 2025 Tesla ilishuka asilimia 15 kwa siku moja. Mwenye hisa halisi alilala na huzuni, akaamka bado ana hisa zake, na kabla ya mwaka huo kwisha bei ilikuwa imepita mara mbili ya ile ya siku hiyo. Mwenye mkataba wa kukuziwa mara kumi alifutwa siku ileile, na kupanda kote kule hakukumhusu. Kampuni ni ileile, kwenye chati ileile. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote, tafuteni mahali palipoandikwa mnanunua nini. Mkikuta CFD, au mkikuta wanawapa mkopo ambao hamkuuomba, tokeni.

Na wale wa makundi ya WhatsApp wanaoahidi faida ya kila siku kwa "kuwekeza kwenye magari ya umeme", sitapoteza muda mwingi nao. DECI mnaikumbuka, ule upatu wa kupanda na kuvuna fedha uliovunjika mwaka 2009. Mbegu zilipandwa, mavuno hayakuja. Hakuna kampuni ya magari duniani inayolipa watu kila siku, na hakuna inayokulipa kwa kuleta mwenzako. Anayetaka kuuza dhamana, yaani hisa na mfano wake, hapa nchini anahitaji leseni ya CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na orodha ya wenye leseni iko wazi. Mpigie simu CMSA, uliza jina. Dakika tano.

Kwa aliyeamua kwa dhati kununua hisa za nje, kuna mambo ya kujua kabla. Kwanza sheria ya fedha za kigeni. Kanuni za mwaka 2022 zimefungua mlango zaidi kwa uwekezaji ndani ya Afrika Mashariki na SADC. Nje ya hapo Benki Kuu ndiyo yenye neno, kwa hiyo ulizeni benki zenu kabla ya kutuma, si baada. Pili ni dola yenyewe. Katikati ya mwaka 2024 mlikuwa mnainunua karibu 2,700, na kufikia Desemba ikawa karibu 2,400. Aliyenunua hisa Juni na bei yake isitikisike hata kidogo, alikuwa amepungukiwa zaidi ya asilimia kumi kwa shilingi. Huo ni upande ambao shilingi yetu imeimarika, jambo jema kwa nchi; ila kwako umekula hasara. Tatu, gawio la kampuni ya Marekani linakatwa kodi ya asilimia 30 kulekule, kwa sababu Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi. Hapa nyumbani gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE, soko letu la hisa, linakatwa asilimia 5.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu anayeanza kabisa ni kuanzia hapa, Soko la Hisa la Dar es Salaam. Najua hakuna kampuni ya magari ya umeme pale. Kuna benki, saruji, bia, sigara, simu. Lakini pale utajifunza kuwa mwenye hisa kwa shilingi, kwa kampuni ambayo matangazo yake unayasoma kwa Kiswahili na mkutano wake mkuu unaweza kuhudhuria, ukanyanyuka na kumuuliza mkurugenzi kwa nini gawio limepungua. Unahitaji kitambulisho cha NIDA, dalali mwenye leseni, na akaunti ya CDS ambayo hisa zako zitasajiliwa kwa jina lako. Siku hizi hata kwa simu inawezekana. Gharama za kununua ni karibu asilimia 2, na za kuuza vilevile, kwa hiyo anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa anamfanyia kazi dalali. Nasema hivyo nikiwa nimekula mshahara wa dalali.

Asiyetaka kuchagua kampuni, UTT AMIS, kampuni ya serikali, wanauza vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ule wa kwanza ukiwa umeanza mwaka 2005. Na kwa wa nje vilevile: mfuko unaofuata kampuni kubwa 500 za Marekani una Tesla ndani yake tangu Desemba 2020. Unakuwa na Tesla kidogo, na ikianguka, wapo wengine 499.

Kiasi gani? Mama mmoja aliniuliza hivi na nilimjibu kwa swali: ukiamka kesho fedha hiyo imekuwa nusu, nini kitasimama nyumbani? Kama ni kodi ya nyumba, ada, au mtaji wa genge, basi hiyo si fedha ya hisa. Kama hakuna kitakachosimama, hapo tunaweza kuzungumza. Na msitumie fedha ya kikundi iliyo kwenye mzunguko kwa jambo hili. Fedha ile ina mtu anayeisubiri mwezi ujao, na soko la hisa halijui tarehe ya mtu.

La mwisho ni zito kwangu kuliko mengine yote. Waliokuwa wananitoa machozi kazini hawakuwa waliopata hasara. Walikuwa wajane wanaokuja na kikaratasi kilichokutwa kwenye koti la marehemu, hawajui ni hisa ngapi, za kampuni gani, kwa dalali yupi. Hisa za DSE tuliweza kuzitafuta, kwa sababu ziko kwenye daftari kwa jina. Familia inaleta cheti cha kifo na barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na zinahamishwa. Inachukua muda lakini inafika. Fedha iliyo kwenye programu ya nje, iliyofunguliwa kwa barua pepe ambayo nywila yake anaijua marehemu peke yake, ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi familia haijui hata kama ipo.

Kwa hiyo leo usiku, mwenye hisa yoyote, iwe moja, iwe za NMB au za Tesla, achukue karatasi. Aandike jina la dalali au la programu, namba ya akaunti, barua pepe iliyotumika, na namba ya simu iliyosajiliwa. Aiweke pamoja na hati ya kiwanja, na amwambie mke wake au mume wake iko wapi. Asiye na mwenza amwambie dada yake, kaka yake, au mama.

Mwenyekiti, nimemaliza upande wangu. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na akina mama wa nyuma.